Taa Ni Jembe, Si Chakula

Mmea wa kwanza niliowahi kuutia ndani ya tangi la samaki ulikuwa nduguye isale. Muuzaji aliuita mwanzi, ingawa si mwanzi, akanihakikishia kwamba unaishi majini. Hakusema uongo kabisa. Miguu ikiwa ndani ya maji na kichwa kikiwa nje, mmea ule huishi miaka. Mimi niliuzamisha wote. Wiki ya kwanza ulipendeza, wiki ya tatu majani yakawa ya njano, wiki ya sita shina likabonyea kama ndizi iliyopitiliza na maji yakaanza kunuka. Kwa Wachaga, jani la isale hupelekwa kwa mtu uliyemkosea, naye akilipokea huwa amesamehe. La kwangu halikusamehe.

Anayeanzisha tangi dogo la maji baridi huuliza maswali mawili: niweke mimea gani, na ninunue taa gani? Huyauliza mbalimbali, pengine kwa wauzaji wawili, na kila mmoja humjibu kwa kutazama kilichobaki rafuni. Kumbe swali ni moja. Mwanga ndio unaoamua mmea ufanye kazi kwa kasi gani, na kasi hiyo ndiyo inayoamua mmea utakula kiasi gani. Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wenye matangi humpa mgeni jembe siku ya kwanza, tena jembe kubwa, halafu chakula tunasahau.

Kwamba mwanga ndio unaoutuma mmea kazini limejulikana tangu 1779. Mwaka huo Jan Ingenhousz, daktari Mholanzi aliyekuwa akifanya majaribio yake Uingereza, aliandika kuhusu majani aliyoyatumbukiza majini na kuyaweka juani. Yalitoa viputo. Alipoyaondolea mwanga, viputo vikakoma. Hewa ile ilikuwa oksijeni, na kazi yenyewe leo tunaiita usanisinuru: mmea huchukua maji na hewa ya ukaa, ukatumia nguvu ya mwanga kujitengenezea sukari. Ingenhousz aliona na upande wa pili, kwamba gizani mmea nao huichafua hewa kama mnyama. Aliyejaza mimea tele na samaki tele katika tangi dogo, umeme ukakatika usiku na pampu ya hewa ikazima, hukumbushwa habari hiyo alfajiri, anapowakuta samaki wote wako juu wanatweta.

Sasa tatizo la majini ni hili. Mmea wa bustanini hupepewa na upepo, na hewa ya ukaa huufikia bila jasho. Ndani ya maji yaliyotulia hewa hiyohiyo husambaa polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Mmea unaweza kuwa chini ya taa kali, umbijani wake uko tayari, na bado ukakaa bila kazi kwa kukosa malighafi. Katika karne ya 19 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alieneza kanuni ambayo walimu wa kilimo huifundisha kwa mfano wa pipa la mbao: maji hayawezi kupanda juu ya ubao ulio mfupi kuliko zote, hata zilizobaki ziwe ndefu kiasi gani. Katika tangi la sebuleni ubao mfupi mara nyingi huwa hewa ya ukaa. Kuongeza taa ni kurefusha ubao ambao tayari ulikuwa mrefu.

Mwanga unaozidi haukosi mwenyewe. Unachukuliwa na mwani, ule utelezi wa kijani unaokamata kioo na mawe. Mwani hauna shina la kulisha wala mizizi ya kusubiri. Mahitaji yake ni madogo, nao hujitosheleza kwa makombo.

Hili nilijifunza kwa njia ya aibu. Tangi langu lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 30, yaani lita 54 ukilijaza hadi ukingoni, na kama lita 45 ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu. Nilinunua taima ya kuchomeka ukutani, ile yenye duara la namba hadi 24. Nilitaka taa iwake saa tisa alasiri na izime saa tano usiku, saa nane kamili, wakati wenye tangi wapo nyumbani kulitazama. Usiku wa kuamkia safari nikategesha kuwaka kwenye 9 na kuzima kwenye 5, nikaenda kufunga begi. Taima haikuzaliwa Uswahilini. Yenyewe inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia kuchomoza kwa jua. Taa ikawa inawaka saa tatu asubuhi na kuzima saa kumi na moja alfajiri. Saa ishirini kwa siku, kwa siku kumi na mbili. Nyumbani waliona, wakadhani ndivyo samaki walivyoagiza.

Niliporudi, kioo cha mbele kilikuwa na rangi ya kisamvu. Nilikikwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, na utando ukatoka kwa vipande, mzito kama malai ya maziwa. Majani mapana yalikuwa na madoa meusi ambayo hayakutoka hata kwa kusugua kwa kidole, na yale membamba yalikuwa yameota nywele. Mimea yenyewe haikuwa imeongeza hata jani moja. Saa zote zile za ziada, aliyenufaika alikuwa mwani.

Basi mwanga uwe kiasi gani? Wafuga samaki wa mapambo wana kipimo cha kukadiria ambacho si sayansi kamili lakini kinatosha kukuepusha na hasara: lumeni 10 hadi 20 kwa kila lita ya maji kwa mimea ya polepole, 20 hadi 40 kwa mimea ya kasi ya kati, na zaidi ya 40 kwa yule aliye tayari kununua mtungi wa hewa ya ukaa na kuwa mtumishi wake. Tangi la lita 54 kwa lumeni 15 linadai lumeni 810. Sasa chukua boksi la balbu ya kawaida ya LED ya wati 9, ile ya sebuleni, usome ubavuni. Utakuta lumeni 800 au zaidi kidogo. Ndiyo hiyo. Muuzaji wa taa maalumu hatakwambia, na simlaumu, kwa sababu naye ana kodi ya pango.

Ubavuni mwa boksi lilelile soma mambo mawili. La kwanza ni lumeni, si wati: wati ni umeme unaoliwa, lumeni ndiyo mwanga unaotoka. La pili ni kelvini, yaani rangi ya weupe wake. Kati ya 5,000 na 7,000 mwanga hufanana na wa mchana na mimea huonekana kijani chenye uhai. Chini ya 3,000 mimea itaendelea kuishi, ila tangi zima litaonekana kama chai. Balbu hutawanya mwanga pande zote, kwa hiyo iwekee kifuniko cheupe au cha bati kinachoirudisha nuru chini. Dari halifanyi usanisinuru. Taa ndefu ya LED ya mstari hugawa mwanga vizuri zaidi kwa tangi refu, na ukiipata kwa bei ya haki ichukue. Zile za rangi ya zambarau huwa na nyekundu na bluu tu, rangi ambazo umbijani hupendelea. Mimea haizikatai, lakini chini yake majani huonekana meusi na samaki huonekana wagonjwa. Tangi ni la kutazamwa pia.

Gharama si kisingizio. Wati 9 kwa saa nane kwa siku thelathini ni uniti 2 na kidogo kwa mwezi. Anayelishitaki tangi kwa kumaliza umeme wa LUKU aanze kwanza kuihoji pasi. Kitu cha kuogopa ni maji kukutana na umeme. Waya wa taa uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuchomekwa, ili tone linalotiririka lidondokee sakafuni na lisiingie ukutani, na kabla ya kutia mkono majini chomoa kila kitu.

Wengine husema, taa ya nini na jua la bure lipo? Hoja hii ina heshima yake. Mwaka 1849 mkemia Robert Warington aliweka jijini London chombo cha maji chenye samaki wawili wa dhahabu na mmea wa valisneria. Majani yalipoanza kuoza na kuchafua maji, akaongeza konokono wa kuyala, na mwaka uliofuata akawaeleza wanakemia wenzake kwamba mnyama na mmea wanaweza kutunzana katika maji yaleyale. Alifanya hivyo kwa mwanga wa mchana. Lakini mchana wa London una adabu zake. Jua la adhuhuri huku kwetu karibu na ikweta hufikia laksi 100,000, wakati sebule yenye taa huwa na mia chache tu. Tangi dogo likikaa kwenye dirisha linalopigwa na jua, maji yatakuwa supu ya kijani ndani ya majuma machache, na joto litapanda kwa sababu lita 45 hazina kifua cha kulihimili. Liweke ukuta wa ndani. Giza la sebule utalitawala kwa swichi. Jua halina swichi.

Baada ya kujua jembe ni dogo kiasi gani, ndipo uchague mfanyakazi. Dukani kwanza uliza jina la mmea. Ukijibiwa "ni wa majini tu," rudisha pochi mfukoni. Mimea mingi ya vyunguni huuzwa ikiwa imezamishwa kwa sababu huchukua wiki kadhaa kufa, na wiki kadhaa zinatosha mteja kupoteza risiti. Jani lililozoea kuishi ndani ya maji kwa kawaida ni laini na jembamba. Ukilitoa nje hulala kama mchicha uliochemshwa, maana halijawahi kuhitaji mifupa. Kipimo hiki kina hila, kwani mashamba mengi ya kibiashara huikuza hata mimea halisi ya majini ikiwa nje ya maji ili ikue upesi, nayo hufika dukani imesimama wima. Ndiyo maana jina ni muhimu kuliko umbo.

Kwa balbu yangu ya wati 9 nimebaki na mimea minne.

Anubiasi ni mtu wa nyumbani, kama Afrika nzima ni nyumba. Aina inayouzwa sana imetoka Nigeria, Kameruni na kisiwa cha Bioko, ambako huota kando ya vijito vyenye kivuli. Kwa kupenda kwake kivuli ilipewa jina la Anubis, mungu wa wafu wa Misri ya kale. Ina shina nene linalotambaa kama tangawizi, na hapo ndipo watu wanapoiua: wanalifukia mchangani, nalo linaoza. Ifunge kwa uzi kwenye jiwe au kipande cha gogo, mizizi itashika yenyewe. Jani lake ni gumu na hukaa muda mrefu, kwa hiyo chini ya taa kali hugeuka kuwa shamba la mwani. Iweke mahali pa giza kuliko pote.

Kangaga la Java, kutoka kusini mashariki mwa Asia, hufungwa kwa uzi vilevile na halitaki mchanga. Utaona vidoti vya kahawia vimejipanga chini ya jani, uanze kutafuta dawa. Usitafute. Hizo ni mbegu zake za vumbi, kama za makangaga yote. Baadaye litaota vitoto kwenye jani lenyewe, navyo hubanduliwa na kupandwa kwingine.

Kriptokorine, ya Asia pia, hutaka mizizi yake iwe chini ya mchanga na isihamishwehamishwe. Siku chache baada ya kupandwa huweza kuyeyuka: majani yote yanageuka ute na kupotea. Wengi huing'oa na kuitupa siku hiyo, na hilo ndilo kosa. Majani yaliyokufa ni yale yaliyoota nje ya maji au katika maji mengine. Mizizi ikiwa mizima, baada ya wiki tatu au nne huchipua majani mapya yanayoijua nyumba. Huyu ndiye mgeni hasa wa methali yetu. Siku zake mbili ni mwezi mzima.

Wa nne ni valisneria, mmea uleule wa Warington, wenye majani marefu kama utepe. Huota pia katika Ziwa Tanganyika, ambako maji ni magumu na pH hukaribia 9. Wenye kutumia maji ya kisima cha Dar es Salaam, yale yanayoacha chokaa ndani ya birika, wafungue masikio. Valisneria ina ujuzi ambao anubiasi haina: hewa ya ukaa ikiwa haba, huweza kuchukua kaboni kutoka katika bikaboneti iliyoyeyuka ndani ya maji magumu. Ule ubao mfupi wa pipa, kwake unarefushwa na maji yaleyale yanayokuharibia birika. Ukiipanda, acha shingo yake juu ya mchanga. Ikiridhika itatambaa chini kwa chini na kutoa watoto, na majani yatafika juu na kulala, yakiwafunika wenzake. Mkasi uwe karibu.

Kwa miezi ya kwanza ongeza seratofilamu, ambayo haina mizizi kabisa. Huelea tu na kunyonya chakula kutoka kwenye maji. Hukua haraka, na kwa kukua haraka humnyima mwani makombo. Hupatikana hata katika Ziwa Victoria. Dosari yake ni kupukutisha majani kama sindano ikiudhika, na huudhika kwa mambo madogo.

Mimea myekundu na ile ya kutandaza zulia la kijani niliiacha. Aliyeifanya ipendwe duniani ni Mjapani Takashi Amano, aliyefariki 2015, mpiga picha aliyepanga mimea, mawe na magogo ndani ya kioo mpaka ukadhani unatazama bonde baada ya mvua. Kazi zake ni za heshima. Lakini chini ya taa zake kali kulikuwa na hewa ya ukaa iliyopulizwa majini, mbolea iliyopimwa na mikono iliyokata majani bila kuchoka. Mnunuzi huona picha, akanunua taa. Mtungi haukuwa kwenye picha.

Kuhusu chakula cha mimea, tangi lenye taa ndogo halina mengi. Chakula cha samaki huwa kinyesi, bakteria wa mchangani na kwenye chujio hukigeuza kuwa nitrati, na nitrati ni mbolea. Majani mapya yakitoka ya njano, shuku upungufu wa chuma. Ya zamani yakitoboka vishimo, shuku potasiamu. Kila wiki natoa ndoo ya lita kumi na kurudisha maji ya bomba yaliyolala wazi usiku na mchana ili klorini iruke. Maji yaliyotoka hunywesha mchicha, ambao ndio pekee katika nyumba hii unaopata mwanga wa bure bila kulalamika.

Mwani nao utakuja, hata ukifuata kila kitu. Kabla ya kununua dawa, punguza saa. Tangi jipya lianze na saa sita, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, na liongezwe nusu saa nusu saa pale tu majani mapya yanapotoka safi. Baada ya balaa la taima nilirudi kwenye saa sita, nikakata majani yaliyoota nywele, nikaongeza seratofilamu konzi mbili. Ilichukua wiki tano. Sikuongeza kitu kingine chochote.

Mabaki ya mkasi yana adabu yake pia. Gugumaji lililoziba bandari na mialo ya Ziwa Victoria, Kisumu hadi Mwanza, ni mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau. Ulionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Naivasha nako kulisumbuliwa na mmea mwingine wa kuelea kutoka bara hilohilo. Balaa la namna hii huanza na kiganja cha majani kinachotupwa mferejini na mtu mwenye haraka. Yakaushe juani mpaka yavunjike, ndipo uyatupe.

Tangi langu sasa liko mwaka wa tatu na balbu ni ileile. Anubiasi hutoa jani moja kwa mwezi hivi, nami huwa najua ni lipi, kwa sababu jipya huwa na kijani cha limau kabla halijakomaa. Juzi mgeni alilitazama kwa muda, akauliza kama mimea ile ni ya plastiki. Nilimwambia akae mwezi mmoja, ataona. Akasema yeye amekuja kwa siku mbili tu.